Mambo Aliyoyapenda Mwanafunzi wa Bongwe

Mkufunzi mmoja wa chuo cha walimu alikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi wake kazi ambayo yeye mwenyewe aliiona kuwa nyepesi. Kila mmoja alitakiwa aandike kurasa mbili za kueleza jinsi alivyoanza kupenda masomo. Maana, alisema, mtu asiyekumbuka alivyofundishwa hawezi kufundisha. Mwaka 2016 kazi hiyo ilimwangukia kijana mmoja mzaliwa wa Bongwe, katika Kaunti ya Kwale. Kijana alikaa mezani usiku, akaandika, akafuta, akaandika tena. Na kulipokucha akagundua jambo la kumtia haya. Alikuwa amejaza kurasa tisa, na katika hizo tisa masomo hayakutajwa ila kwa bahati mbaya.

Humo mlikuwa na ndege, mbega, mabibo, mpira wa miguu na mchanga wa bahari. Karibu kila kitu alichokipenda utotoni kilikuwa nje ya dirisha la darasa. Hakuwa na wakati wa kuandika upya, basi akazikunja kurasa zake akazipeleka vile vile, huku akijitayarisha kwa aibu. Mkufunzi alizisoma akicheka mpaka wenzake wakamtazama. Lakini alipofika ukurasa wa tisa aliacha kucheka.

Yaliyokuwamo ni haya yafuatayo.

DARASA LA WAZEE NA WATOTO

Mtu atokaye Mombasa huvuka kwa feri ya Likoni, akafuata barabara ya kusini hata akafika Ukunda, mwendo wa kilomita 30 hivi. Hapo wageni hukata kushoto kwenda Diani, penye mahoteli na ufuko mweupe. Wenyeji, ambao wengi wao ni Wadigo, hushika njia zao za kwenda kwenye minazi, mikorosho, miembe na mihogo. Na Bongwe ni mojawapo ya vijiji hivyo majirani. Mtoto wa huko hukua akisikia kwa sikio moja adhana ya alfajiri, na kwa sikio la pili ngoma za wageni waliokesha hotelini.

Kijana huyu alilelewa na nyanya yake, na karo alikuwa alipiwe na mjomba, kwa ile desturi ya zamani ya Wadigo ambayo ilimhesabu mtoto kuwa wa ukoo wa mama. Walakini mjomba alipata bahati. Mwezi wa Desemba mwaka 2002 Wakenya walichagua serikali mpya, na mara mwezi wa Januari mwaka 2003 ikatangazwa kwamba elimu ya msingi ni bure. Katika nchi nzima hesabu ya watoto wa shule za msingi ilipanda kutoka karibu milioni 5.9 mwaka 2002 hata kufikia karibu milioni 7.2 mwaka uliofuata. Nyanya alisema kwamba hao milioni waliozidi wote walikuja shule ya mjukuu wake, kwa kuwa aliwaona kwa macho yake.

Darasa la kwanza lilikuwa na zaidi ya watoto mia. Waliokosa madawati walikaa sakafuni, na waliokosa sakafu wakasomea chini ya mwembe. Msimu wa maembe hao wa mwembeni walihesabiwa kuwa wenye heri, maana walipata somo na kitafunio kwa pamoja. Palikuwa na watoto wa miaka sita waliolia wakitaka mama zao, na palikuwa na vijana wa miaka kumi na moja na kumi na miwili, waliokwisha kuchunga mbuzi, kupanda minazi na kuuza madafu, ambao sasa waliketi nyuma, magoti yamepita juu ya meza, wakiimba a, e, i, o, u kwa sauti nzito iliyotikisa bati.

Mmoja wa hao wakubwa aliketishwa karibu na kijana wetu ili amzuie asitoroke. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Herufi za Kirumi hakuzijua, lakini alikuwa amekwisha kuhitimu juzuu kadhaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na hesabu za fedha zilikaa kichwani mwake kama karani wa benki.

Mwaka uliofuata redio ilitangaza habari ya Mzee Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, mjini Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84, avae kaptura na soksi kama wenzake. Habari hiyo ilipofika Bongwe, darasa zima liligeuka nyuma likamtazama yule mkubwa. Tangu siku ile akaitwa Maruge, na hata walimu wakasahau jina lake la daftarini.

HESABU YA MATUFAHA

Kitabu cha hesabu kilikuwa na mtu aliyependa sana matufaha. Alinunua kumi na mawili, akala matatu, akampa dada yake manne, kisha akawauliza watoto wa Bongwe amebakiwa na mangapi. Watoto walishindwa, si kwa sababu ya kutoa na kujumlisha, bali kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona tufaha, na wote walikuwa wakijiuliza lina ladha gani. Kijana wetu alijibu kwamba hakuna lililobaki, kwa kuwa kitu kizuri hakiwezi kubaki. Alipewa sufuri.

Wakati wa mapumziko, Maruge alimwita pembeni penye wauzaji wa mabuyu na kachiri. Akamwambia, "Wachana na hayo matufaha. Dafu moja ni shilingi kumi. Mgeni amekunywa matatu, amekupa noti ya mia. Utamrudishia ngapi?" Kijana akajibu mara moja, "Sabini." "Na ukimrudishia themanini?" "Nyanya atanifukuza nyumbani." "Basi," akasema Maruge, "hesabu waijua. Ni matufaha tu usiyoyajua."

Kwa njia hiyo kijana alijifunza kutoa, kuzidisha na kugawanya, yote kwa madafu. Miaka mingi baadaye, hata katika mtihani wa taifa, kila aliposoma habari ya matrekta au magunia aliyageuza kwanza kuwa madafu, akapata jibu, kisha akayarudisha kuwa magunia. Katika kurasa tisa zile, hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo somo lilitajwa. Na aliyelifundisha alikuwa amekaa dawati la nyuma.

DISKI

Shule ilikuwa na amri kwamba watoto waseme Kiingereza siku nne na Kiswahili siku ya Ijumaa. Kidigo hakikupewa siku. Mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya nyumbani alivikwa shingoni kipande cha ubao kilichotiwa uzi, jina lake diski, na hakuweza kuivua mpaka amkamate mwenziwe kwa kosa lilo hilo. Jioni, aliyekutwa nayo alikiona cha mtema kuni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alipata kuandika katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya mtindo wa namna hiyo katika shule za kwao wakati wa ukoloni. Kumbe desturi hiyo ilikuwa imesafiri mbali na kudumu sana.

Ni kweli kwamba mwaka 2001 Serikali ilikwisha kupiga marufuku fimbo katika shule zote za Kenya. Lakini fimbo za shule ile, ama hazikulisoma tangazo, ama zililisoma zikajifanya hazijui Kiingereza.

Diski iliwatia watoto ubingwa ambao hakuna mtaala uliouandaa. Shule ya watoto mamia ilikuwa kimya kama makaburini saa ya mapumziko, kwa kuwa wengi waliona heri kunyamaza kuliko kukosea. Aliyevaa diski alizunguka akiwanyemelea wenzake. Kijana wetu alivumbua mbinu yake: humwendea mtu polepole, akamkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino. Mtu aliyekanyagwa kidole halii kwa Kiingereza. Diski humtoka huyu ikamwingia yule.

Siku moja alimkanyaga Maruge. Maruge akaruka, akashika mguu, akafumba macho, kisha akamtolea dua ndefu ya Kiarabu aliyofunzwa chuoni. Kesi ikapelekwa kwa mwalimu wa zamu. Je, Kiarabu ni lugha ya nyumbani? Mwalimu alifikiri sana. Kumwadhibu mtoto kwa kusema maneno ya dua, na wazazi wote wa kijiji ni Waislamu, lilikuwa jambo la hatari; na kumwacha lilikuwa kuivunja amri. Mwishowe akaamua kwamba diski ilale ofisini siku mbili mpaka shauri lichunguzwe. Siku mbili hizo shule ilipiga kelele kama soko la Kongowea, na watoto wakamshukuru Maruge kama mkombozi.

MIDOMO ISIYOWEZA KUDANGANYA

Yako mambo ambayo mtoto wa Bongwe huyapenda kwa kadiri ya majira. Upepo wa kusi ukivuma ni wakati wa tiara za karatasi. Mvua za mwaka zikinyesha ni wakati wa kuogelea katika vidimbwi na kupigwa kwa ajili hiyo. Kaskazi ikikaribia mikorosho huzaa, na hapo ndipo mahudhurio ya shule yalipopungua na tabia za watoto zikaharibika.

Bibo ni tamu, halina madhara ila kutia madoa katika shati. Lakini ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na mtoto mwenye haraka, asiyengoja korosho zikaangwe, hulipasua ganda kwa meno. Basi Jumatatu asubuhi mwalimu hakuwa na haja ya kuuliza nani ameingia shamba la watu. Aliwapanga watoto mstari, akatazama midomo. Aliyekuwa na midomo iliyobabuka alitoka mbele bila kuitwa. Mwenye shamba, mzee mmoja mwenye fimbo ya mpingo, alisimama kando ya mwalimu, akisema kwa upole, "Simtaki aliyekula. Namtaka aliyeuza." Maana aliyekula aliiba kibaba, bali aliyeuza aliiba debe.

Baada ya mabibo lilikuja penzi la ndege. Ukunda kuna kiwanja kidogo cha ndege, na ndege za watalii hupita chini sana zikitua. Kijana wetu aliapa atakuwa rubani. Alitengeneza mabawa kwa makuti na mfuko wa saruji, akapanda mkorosho wa nyanya yake, akaruka. Anaandika kwamba safari yenyewe ilikuwa nzuri, ila ilikuwa fupi. Mkono ulivunjika, akapelekwa hospitali ya Msambweni akafungwa plasta, na kwa majuma sita akaandika kwa mkono wa kushoto. Mwalimu alisema mwandiko wake umeendelea.

Kisha likaja penzi la mbega. Katika Diani wapo mbega weusi wenye mabega meupe, ambao hukaa juu mitini na hawapendi kushuka. Barabara ya mahotelini ilipokata msitu, wengi waligongwa na magari wakivuka. Jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya kuwatunza, jina lake Colobus Trust, ilitundika ngazi za kamba na plastiki juu ya barabara ziwe madaraja yao. Watoto wa Bongwe walitembea mpaka huko siku za Jumamosi, wakakaa chini ya madaraja wakipigana dau: mbega gani atavuka kwanza, na yupi atamkalia mwenziwe mkia. Kijana wetu aliandika hesabu za mbega katika daftari la Sayansi, kurasa na kurasa. Mwalimu alipolikagua alimuuliza kwa nini hakuandika somo la wanyama waishio porini. Kijana hakuwa na la kusema.

SHULE IMEHAMIA UFUKWENI

Mwaka 2007 wakiwa darasa la tano, Maruge alikuwa na miaka kumi na mitano na mama yake alikuwa mgonjwa. Ndugu zake wadogo walikuwa wanne. Mwezi wa Julai aliacha dawati la nyuma akaenda kuuza madafu na makoa ufukweni. Elimu ilikuwa bure, lakini unga haukuwa bure. Haikupita miezi mitatu akawa aweza kumwamkia Mjerumani, Mwitaliano na Mwingereza kila mmoja kwa lugha yake, bila diski. Siku moja njema ilimpa fedha kuliko alizozipata nyanya wa kijana wetu kwa debe la korosho. Alirudi kijijini na viatu vyeupe, na watoto wakamfuata nyuma kama harusi.

Kijana wetu, mwenye kupenda kila kitu kwa zamu, sasa akaupenda ufuko. Asubuhi alivaa sare, akamuaga nyanya, akapita njia ya shule mpaka penye mkwaju, kisha akakata kwenda Diani kumsaidia rafiki yake kubeba. Aliendelea hivyo siku tano. Siku ya sita, alipokuwa akifua kaptura yake, nyanya aliugeuza mfuko nje. Ukamwagika mchanga mweupe, laini kama unga. Udongo wa shule ulikuwa mwekundu.

Nyanya hakupiga kelele. Aliukusanya ule mchanga kiganjani, akauliza, "Mjukuu wangu, hivi shule yenu imehamia ufukweni?"

Kesho yake alivaa leso mbili mpya, akamshika mkono mjukuu aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, akampeleka mpaka mlangoni mwa darasa mbele ya macho ya wenzake wote. Kisha akatandika mkeka chini ya mwembe, akakaa akisuka ukili hata kengele ya jioni. Akafanya hivyo siku tatu. Siku ya nne mjukuu alimwomba kwa machozi abaki nyumbani, naye akaahidi kwamba miguu yake haitakata kona tena. Kijana anaandika kwamba katika maisha yake hajapata kuona askari mkali kuliko bibi kizee mwenye ukili.

Kisha anaandika sentensi moja, peke yake katika mstari: "Maruge hakuwa na mtu wa kumkalia chini ya mwembe."

MARUGE WAWILI

Mwisho wa mwaka ule nchi ilifanya uchaguzi, na baada ya matokeo kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007 zikazuka fujo zilizoua watu zaidi ya elfu moja na kuwahamisha mamia ya maelfu. Kwale haikuwa kitovu cha fujo hizo, lakini mkono wake uliifikia. Watalii waliondoka, ndege zikaja tupu, mahoteli yakawapa wafanyakazi likizo isiyo na mshahara. Katika msimu uliokuwa uwe wa neema, madafu ya Maruge yalikauka. Viatu vyeupe vikauzwa.

Huko Eldoret, Mzee Maruge mwenyewe alipoteza mali yake katika fujo, akalazimika kuishi kambini mwa waliofukuzwa makwao. Hata hivyo, hapo mwanzoni mwa mwaka 2008 alitoka hemani kila siku akatembea kwenda shuleni. Baadaye mwaka huo alihamia Nairobi akaendelea na masomo. Kijana wetu aliisikia habari hiyo, akakimbia mpaka kwa rafiki yake kumweleza, akidhani ameleta dawa.

Maruge wa Bongwe alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Yule ni mzee, haoni haya. Watu humpigia makofi. Mimi nina miaka kumi na sita. Nikirudi darasa la tano nani atanipigia makofi? Watanicheka." Kijana akasema hatacheka mtu. Lakini anakiri katika karatasi yake kwamba alipokuwa akisema hivyo alimfikiria Maruge akikaa na watoto wa miaka kumi, magoti juu ya meza, na uso wake mwenyewe ukatabasamu kidogo. Maruge aliliona lile tabasamu. Hakurudi.

Mzee Maruge alifariki tarehe 14 Agosti 2009, akiwa na umri wa miaka 90, na alikuwa bado mwanafunzi.

MKWAJU WA GHANA

Mwaka 2010 ulikuwa mwaka wa mtihani wa KCPE kwa kijana wetu, na ilikuwa balaa kwamba ulikuwa pia mwaka wa Kombe la Dunia katika Afrika Kusini. Walimu waliongeza masomo ya jioni na ya Jumamosi. Watoto wakaongeza mbinu za kutoroka. Usiku wa Ijumaa tarehe 2 Julai, Ghana ilicheza na Uruguay katika robo fainali, na Afrika nzima ilikuwa Ghana. Kijana alilipa shilingi zake kuingia banda la video Ukunda, akasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Yaliyotokea wayajua wote waliokuwa macho. Dakika ya mwisho Luis Suárez alizuia bao kwa mikono, akatolewa nje. Asamoah Gyan akapiga penalti, ikagonga mwamba. Banda zima lilishika kichwa, na ile ndoo ikapasuka. Zikaja penalti za kuamua mshindi, na Ghana ikatolewa kwa 4 kwa 2. Asubuhi yake, katika somo la Jumamosi, darasa la nane lote lilikuwa na macho mekundu. Mwalimu aliingia akiwa na hasira, akafungua kinywa awakemee, na sauti haikutoka. Alikuwa ameipoteza huko huko bandani. Siku ile watoto walifanya mazoezi ya kusoma kimya.

Mtihani aliupita, shule ya upili akaimaliza, na mwaka 2015 akaingia chuo cha walimu. Jinsi alivyofika huko baada ya kupenda kila kitu isipokuwa kitabu, yeye mwenyewe hakujua. Na hilo ndilo swali la mkufunzi lililompa tabu.

UKURASA WA TISA

Januari mwaka 2016 kijana alipelekwa shule moja kwa mazoezi ya kufundisha. Siku ya kuandikisha darasa la kwanza alikabidhiwa meza na fomu. Akaja dereva wa bodaboda, kofia ya chuma mkononi, amemshika mtoto wa kiume aliyevaa viatu vikubwa kuliko miguu yake. Alikuwa Maruge. Baada ya kuamkiana na kuulizana habari za wazee, kijana alimpa fomu atie sahihi, akamwonyesha mahali.

Maruge hakutia. Alianza kuisoma kutoka juu, akifuatisha kidole, neno baada ya neno, kwa sauti ndogo. Na mstari wa wazazi ukazidi kurefuka nyuma yake. Kijana akamwambia polepole kwamba si lazima asome yote. Maruge akainua macho. "Mwalimu," akasema, na lile neno likamchoma kijana kuliko diski, "makaratasi yote nimetia sahihi nisiyoyasoma. Hili la mwanangu nitalisoma."

Alipomaliza akauliza, kana kwamba ni mzaha, "Yule mzee alikufa angali darasani. Mimi nina miaka ishirini na minne. Nimechelewa?"

Kijana alitafuta jibu la kiualimu. Akamkumbuka Gyan. Akasema, "Wamkumbuka Gyan? Alikosa penalti, lakini penalti za kuamua zilipokuja ndiye aliyetoka wa kwanza kupiga upande wa Ghana, na alifunga."

"Na Ghana ikashinda?"

"La. Ilishindwa."

Wakacheka wote wawili hata mtoto akashangaa. Maruge akavaa kofia yake, akaenda zake. Insha iliishia hapo, bila methali na bila funzo.

Mkufunzi aliirudisha ikiwa na maneno ya wino mwekundu chini yake: "Uliombwa kurasa mbili, umeleta tisa. Alama zimepunguzwa kwa hizo saba. Swali: huyu rafiki yako amekwisha kujibiwa?"

Kijana alilisoma swali hilo mara nyingi kuliko kitabu chochote alichopata kupewa. Alikuwa amejibu kwa mzaha, naye alikuwa ameulizwa kwa dhati. Likizo ilipofika alirudi Bongwe, akamtafuta Maruge penye mkwaju wanapopumzikia madereva. Akamwambia kwamba yapo madarasa ya gumbaru, na kwamba mtu mzima aweza kufanya KCPE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Na kwa siku ambazo hapana darasa, yeye mwenyewe atafundisha usiku. Maruge aliuliza hesabu zitakuwa za nini. Kijana akasema, "Za madafu." Maruge akakubali.

Ilichukua muda mrefu. Siku nyingine abiria walikuwa wengi na somo likakosa mtu. Siku nyingine baba na mwana walikaa meza moja, taa moja, wakigombania kifutio kimoja, na mama wa nyumba akawa hakimu. Maruge alifanya mtihani mwaka 2019. Alama zake hazikuwa za kutangazwa redioni, walakini karatasi ya matokeo huiweka ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na leseni yake, na polisi akimsimamisha barabarani humwonyesha zote mbili.

Mwanawe alifanya KCPE mwaka 2023, na huo ukawa mtihani wa KCPE wa mwisho kufanywa nchini Kenya. Alama zake zilimpita baba kwa mbali. Siku ya matokeo alimjia akitaka kumtania, lakini Maruge alimtangulia. "Wewe umeshinda," akasema, "lakini mimi ndiye niliyefungua mlango, wewe umekuta wanaufunga."

Naye mwalimu wa kurasa tisa, katika siku yake ya kwanza ya kufundisha, alipokuta katika kitabu cha hesabu mtu mwenye matufaha, hakuwauliza watoto amebakiwa na mangapi. Aliwauliza kwanza wao wanapenda nini. Walijibu wote kwa pamoja, kwa lugha tatu, na hakuna aliyevikwa kitu shingoni.